Daftari la Ardhi Iliyochimbwa Mafuta

Machi 2012, Rais Mwai Kibaki alipowatangazia Wakenya kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia 1 huko Turkana, iliyokuwa ikichimba ni kampuni ya Tullow yenye makao yake London. Mwaka 2023 washirika wake wawili, Africa Oil na TotalEnergies, walijitoa. Mwaka 2025 Tullow nayo ikauza mali yake ya Kenya kwa Gulf Energy. Katikati ya hapo makumi ya visima vilikuwa vimechimbwa kwenye bonde la Lokichar: Ngamia, Twiga, Amosing, Ekales, Etuko, Etom. Kila eneo la kisima lilihitaji kiwanja kifyekwe, kisawazishwe na kushindiliwa mpaka kiweze kubeba mtambo. Kiwanja nacho kilihitaji barabara ya kukifikia na murramu ya kukimwagia. Wahandisi waliochora kazi hiyo wameajiriwa kwingine, na makandarasi waliofukia mashimo wamemaliza mikataba yao. Mfugaji ambaye mbuzi wake walikuwa wakiokota maganda ya mti wa ewoi pale, yuko palepale.

Anayetaka ardhi hiyo ipone aanze kwa kuuliza jambo moja: kumbukumbu zake ziko mkononi mwa nani? Nimeona mara nyingi urejeshaji wa ardhi ukizungumzwa kana kwamba ni kupanda miche tu. Miche ni jambo jema, lakini bila vipimo vya kabla na vya baada hakuna mtu, awe mhandisi au mzee wa kijiji, anayeweza kuonyesha kwamba kiwanja kimepona. Ushauri huu nauandika kwa afisa wa mazingira wa kaunti, kwa kijana aliyeajiriwa na mkandarasi na kupewa simu ya kukusanyia data, na zaidi kwa wajumbe wa kamati za ardhi ya jamii, kwa sababu wao ndio watakaokuwepo mkataba ukiisha.

Tutazame kwanza waliotutangulia. Huko Pennsylvania, Marekani, kisima cha Edwin Drake kilitoa mafuta mwaka 1859, na kwa karibu miaka mia moja watu walichimba bila sheria ya kuwataka wachukue kibali na kuandikisha walipochimba. Visima vingine vilizibwa kwa magogo, vingine viling'olewa mabomba ili chuma kiuzwe, misitu ikaota juu yake na nyumba zikajengwa. Leo serikali ya jimbo inakadiria kwamba kuna mamia ya maelfu ya visima ambavyo havijulikani vilipo, na wataalamu wanavitafuta kwa droni zenye vifaa vya kunasa sumaku ya chuma kilichobaki ardhini. Mwaka 2021 bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 4.7 za kuziba visima vilivyotelekezwa kote nchini. Sehemu ya fedha za namna hiyo huishia kwenye kazi ya kutafuta tu, yaani kulipia mstari wa daftari ambao mtu angeuandika bure siku ya kuchimba.

Kwa hiyo anzeni na mstari huo. Kila kipande cha ardhi kilichoguswa kipewe namba yake ya kudumu, isiyobadilika hata kampuni ikibadilika jina. Majina ya visima hayatoshi. Ngamia ni jina la visima kadhaa, na kwenye kiwanja kimoja kuna sehemu ambazo hazitapona kwa namna moja. Shimo la tope lina matatizo yake, eneo la kuegesha malori lina yake, na pembezoni palipokanyagwa kidogo huenda patajirudia penyewe. Kila sehemu ipewe namba na mipaka yake ichukuliwe kwa GPS. Pembe nne za uzio hazitoshi, zungukeni ukingo wote wa udongo uliovurugwa. Msisahau mashimo ya murramu na vijia ambavyo madereva walijifungulia wenyewe. Ripoti nyingi huviruka kwa sababu viko nje ya mchoro wa mhandisi, na humo ndimo mmomonyoko unapoanzia.

Kisha pimeni kabla ya tingatinga kufika. Siku hizo chache kabla ya mashine kuingia zina thamani kuliko miaka mingi ya kupima baadaye. Chimbeni mashimo machache ya udongo, mwandike udongo wa juu una kina gani, rangi gani, changarawe kiasi gani, na mpeleke sampuli maabara. Hesabuni miti kwa aina na unene wa shina. Andikeni maji ya mvua yanapita wapi yakielekea lagga, yaani mto wa msimu, kwa sababu kiwanja kilichoinuliwa kwa murramu hugeuza mkondo, na mti ulio mita mia mbili chini yake unaweza kufa kwa kiu bila hata kuguswa.

Andikeni pia matumizi. Hapa wataalamu wengi kutoka nje hukosea, kwa kudhani ardhi isiyo na shamba wala nyumba haina mwenyewe. Kando ya mito ya Turkana kuna utaratibu wa ekwar, ambamo familia ina haki inayojulikana juu ya miti ya sehemu fulani na maganda yake. Mti ukiandikwa kama namba na aina tu, bila jina la familia inayoutegemea, daftari limepoteza nusu ya ukweli, na siku ya fidia ubishi utaanzia hapo. Waulizeni wazee: hapa mnalisha nini, msimu gani, na mwaka wa ukame hali huwaje? Majibu yaingie kwenye jedwali lilelile lenye vipimo vya udongo, chini ya namba ileile ya kiwanja. Yakiwekwa kwenye ripoti ya peke yake, hakuna atakayeisoma.

Itakuwaje kama mmechelewa na kiwanja kimeshachimbwa? Hali ndiyo hiyo kwa sehemu kubwa ya Lokichar, lakini mlango haujafungwa. Picha za setilaiti za Landsat zinapatikana bure tangu 2008, na hazina yake inarudi nyuma hadi 1972. Kwa visima vya mwanzo kuna kikwazo kinachojulikana: kifaa kimoja cha Landsat 7 kiliharibika Mei 2003, na tangu hapo picha zake zina mistari mitupu. Landsat 5 iliacha kupiga picha hizi mwishoni mwa 2011, na Landsat 8 ilirushwa Februari 2013. Kwa hiyo mwaka 2012, Ngamia 1 ilipokuwa ikichimbwa, hazina ya Landsat ina picha zenye mistari hiyo. Dawa yake ni kuchukua picha za tarehe kadhaa za msimu mmoja na kuziba pengo la moja kwa nyingine. Kiwanja cha hekta mbili kitaonekana kama vidoto ishirini na kitu tu, kila kidoto kikiwa na upana wa mita thelathini, lakini hivyo vinatosha kuonyesha kama palikuwa na miti au mchanga mtupu. Kuanzia 2015 kuna Sentinel 2, yenye vidoto vya mita kumi. Picha hizo mzipeleke kwa wazee, mziweke mbele yao kwenye karatasi kubwa, mwandike wanachosema kuhusu kila sehemu.

Jambo jingine linalookoa aliyechelewa ni kiwanja cha kulinganishia. Chagueni kipande jirani ambacho hakikuguswa, chenye udongo na mteremko unaofanana, na mkipime kila mnapopima kiwanja cha kisima. Wafugaji ndio wakichague pamoja na mtaalamu. Mtu wa ofisini akiachiwa peke yake atachagua kilicho karibu na barabara, pale ambapo vumbi la malori na mifugo inayosubiri maji vimeshakula majani yote, na kila kitu kitaonekana kizuri kikilinganishwa na hapo.

Sasa tufike kwenye udongo wa juu. Sentimita chache za mwanzo ndizo zenye mbegu zilizolala, mboji, na kuvu wanaosaidia mizizi kunyonya maji. Tingatinga likizichanganya na udongo wa chini, utajiri wa miaka mingi umepotea kwa asubuhi moja. Hivyo udongo wa juu uchotwe kwanza, uwekwe peke yake, na kila lundo liwe na ukurasa wake: limetoka kiwanja namba ngapi, kina kilichochotwa, ujazo wake, urefu wa lundo, tarehe lilipowekwa, na mahali lilipo. Tarehe ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Udongo uliorundikwa juu sana hukosa hewa ndani, na kadiri unavyokaa ndivyo mbegu zinavyokufa. Lundo la miezi sita na lundo la miaka sita yana udongo wa rangi moja lakini hayatoi matokeo sawa. Mkijua umri wake mtajua pa kuacha udongo ufanye kazi yenyewe na pa kuongeza mbegu. Msipojua, mtatumia fedha za mbegu pasipohitajika na mtaacha pakavu panapohitaji.

Kila lundo liwe na bango, na msilibeze bango hilo. Kwenye mkoa wenye upepo, ambapo murramu inatafutwa kila siku, lundo lisilo na alama litachotwa na dereva wa lori aliyetumwa kujaza shimo la barabara, naye hatakuwa na kosa. Pimeni ujazo wa malundo kila baada ya miezi kadhaa. Ukipungua, mtagundua wakati mwizi bado ni upepo au lori moja, kabla halijaisha lote.

Shimo la tope linahitaji ukali zaidi. Tope la kuchimbia husukumwa kisimani ili kupoza kekee, kuzuia shinikizo na kupandisha vipande vya mwamba. Hurudi juu likiwa na chumvi, madini ya bariamu, na wakati mwingine mafuta. Baada ya kazi husafirishwa au huzikwa kwenye shimo lenye turubai la plastiki. Andikeni ni kemikali gani ziliingia, kwa kilo, na ni kiasi gani kilitoka, kilikwenda wapi, kwa lori lipi na siku ipi. Hesabu ya kuingia na ya kutoka zikipishana sana, kuna tope ambalo halijulikani lilipo, na hilo ni jambo la kuulizia kabla mkandarasi hajalipwa. Baada ya kufukia, pimeni chumvi ya udongo juu na pembezoni mwa shimo. Wataalamu wa udongo huita udongo wa chumvi ule ambao maji yake hupitisha umeme kwa kipimo cha zaidi ya desisimensi 4 kwa mita, na nyasi nyingi huanza kuteseka hata kabla ya hapo. Kwenye nchi kame chumvi hupanda: maji yanakauka juu, mengine yanafuata kutoka chini, nayo yanabeba chumvi. Kwa hiyo kipimo kimoja safi wiki moja baada ya kufukia hakithibitishi kitu. Rudieni baada ya misimu kadhaa ya mvua, mahali palepale, kwa kina kilekile.

Kuhusu kuchana udongo ulioshindiliwa na kupanda mbegu nitasema kwa ufupi, maana mafundi wake wapo. Andikeni kina kilichochanwa na kama mifereji ilifuata kontua. Nondo ya kawaida ikisukumwa kwa mkono wakati udongo una unyevu itawaambia kama kina hicho kilifikiwa kweli, na jibu lake liandikwe pia. Mbegu nazo ziwe na ukurasa: zilikusanywa wapi, lini, na kati ya mia moja zilizolowekwa kwenye kitambaa ziliota ngapi. Mbegu za ewoi zilizopita tumboni mwa mbuzi huota vizuri zaidi kuliko zilizochumwa mtini, na zizi la jirani linazo. Ukiona mkandarasi analeta mbegu kwa gunia kutoka mbali bila karatasi ya asili yake, zikatae.

Kisha kuna kupima miaka inayofuata, kazi ambayo kila mpango huiahidi na wachache huitimiza. Njia ninayoipenda haihitaji mashine. Tandazeni futikamba ya mita 50, na kila baada ya nusu mita shusheni fimbo nyembamba wima, mwandike imegusa nini: nyasi, kichaka, jani kavu, jiwe, au udongo mtupu. Mtapata alama mia moja, na kila alama ni asilimia moja. Wanakijiji wawili wenye mafunzo ya siku chache wanaweza kufanya kazi hii vizuri kabisa, nao watakuwepo mwakani. Wekeni vigingi vya chuma mwanzo na mwisho wa futikamba, na pigeni picha kutoka kigingi kilekile, upande uleule, mwezi uleule.

Kipimo cha kiwanja kisomwe daima pamoja na kipimo cha kiwanja cha kulinganishia. Tuseme mwaka wa mvua nzuri fimbo imegusa mimea mara 12 kwenye kiwanja cha kisima na mara 40 kwa jirani yake. Mwaka unaofuata ukame unaingia: kiwanja kina 6, jirani ana 15. Anayetazama namba ya kiwanja peke yake ataandika kwamba mimea imepungua nusu na kazi imeshindwa. Ukilinganisha, kiwanja kimetoka asilimia 30 ya hali ya jirani hadi asilimia 40, katika mwaka mgumu. Katika nyanda za chini za Turkana, ambako mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 300 na huweza kunyesha kwa siku chache tu, asiyelinganisha atasifu mvua na kulaumu ukame, na kuhusu ardhi yenyewe hatakuwa amejua lolote.

Yapo mengine ambayo picha za setilaiti peke yake haziwezi kuyasema, na kubwa ni mathenge. Mti huu wa kigeni, ambao Waturkana wanauita etirae, uliletwa na miradi ya kupambana na ukame miongo kadhaa iliyopita. Unapenda hasa ardhi iliyovurugwa, kingo za barabara na mahali maji yanaposimama, yaani maelezo kamili ya kiwanja cha kisima kilichoachwa. Huko Baringo wananchi walifika mahakamani kuulalamikia, wakapeleka mbuzi aliyeharibika meno kwa kula maganda yake kuwa ushahidi. Setilaiti hupima ukijani. Kiwanja kilichovamiwa na mathenge kitang'aa kwenye ramani kuliko malisho ya asili yaliyo jirani, na afisa aliye mbali atakiandika miongoni mwa vilivyofanikiwa, hali mfugaji anaona uzio wa miiba mahali palipokuwa na nyasi. Ndiyo sababu fimbo iandike mmea kwa jina: ewoi, esekon, edome, etirae, kila mmoja safu yake. Jina la Kiturkana ni data halali. Mtaalamu ataongeza la kisayansi baadaye.

Daftari likiwa na safu hiyo linaweza kuwaonya mapema. Mche wa mathenge wa mwaka mmoja hung'olewa kwa jembe. Wa miaka mitano hutaka watu, mashine na fedha, na ukikatwa vibaya huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Hivyo wekeni kanuni kabla hamjaanza kupima, kwa mfano kwamba mathenge ikiguswa hata mara mbili katika alama mia moja, timu inaingia kung'oa kabla ya mvua inayofuata. Data ambayo haijafungwa kwenye uamuzi wa namna hii hujaza kabati tu. Andikeni pia murramu ilikotoka na malori yalikopita, kwa sababu mbegu husafiri kwenye matope ya magurudumu na kwenye kinyesi cha mbuzi, nanyi mtajua pa kutazama.

Kuhusu utunzaji wa data wenyewe, makosa yanayoharibu kazi ya miaka ni madogo. La kwanza ni sifuri. Sifuri maana yake tulipima, hakukuwa na kitu. Nafasi tupu maana yake hatukupima. Mtu akijaza sifuri mahali ambapo timu haikufika kwa sababu mto ulifurika, amesema kwamba ardhi ni jangwa, na hakuna atakayeweza kumsahihisha miaka mitano baadaye. La pili ni vipimo: hekta na ekari zisichanganywe kwenye safu moja. La tatu ni tarehe. Anzeni na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili 03/04 isisomwe Machi na mmoja na Aprili na mwingine. La nne ni kufuta. Kipimo cha kwanza kisifutwe kamwe hata kikiwa na kosa. Sahihisho liandikwe pembeni, na jina la aliyesahihisha na sababu yake.

Hakuna haja ya kununua programu ya gharama. KoboToolbox na ODK hufanya kazi kwenye simu janja ya kawaida pasipo mtandao na kutuma data baadaye. QGIS huchora ramani bure. Lahajedwali moja iliyopangwa vizuri, mstari mmoja kwa kipimo kimoja, inazidi hifadhidata ya kifahari ambayo nywila yake anaijua mtu mmoja aliyeacha kazi. Daftari la kiwanja lifanye kazi ya kadi ya kliniki ya mtoto: liende na kiwanja, na kila anayekipokea aandike humohumo. Nakala moja ikae kwa kampuni, moja kwa kaunti au kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na moja kwa jamii, ikiwemo ya karatasi, mahali ambapo mchwa na mvua haviifikii.

Mtaniuliza, kampuni itakubali kwa nini? Jibu liko Wyoming, Marekani, kwenye eneo la gesi la Jonah, nchi kame ya vichaka ambavyo huchukua miaka mingi kukua. Serikali iliporuhusu uchimbaji wa visima vilivyokaribiana mwaka 2006, iliweka kikomo cha ardhi inayoweza kuwa imevurugwa kwa wakati mmoja. Kampuni ikithibitisha kwa vipimo kwamba kipande kimerudi kwenye kiwango kilichokubaliwa, kipande hicho kinatolewa kwenye hesabu yake na nafasi inafunguka ya kuendelea kwingine. Data za kampuni zote zikawa zinakusanywa kwa mfumo mmoja, hivyo mbegu zilizofaulu kwenye kiwanja kimoja zikaweza kuonekana na anayeshughulikia kingine. Mpango wa namna hii humfanya mwekezaji mwenyewe atake kupima sawasawa. Sioni sababu ya kaunti na wizara kutoweka sharti kama hilo kabla uchimbaji mpya wa Lokichar haujatanua viwanja.

Kwa wasomaji wa Tanzania walio kando ya bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,147 kati ya 1,443 ziko kwenu, na ushauri unageuka kidogo. Pale hakuna viwanja vichache vikubwa. Kuna mkanda mwembamba unaopita kwenye mashamba ya watu wengi, kwa hiyo namba ya kudumu ifuate kilomita ya bomba na kipande cha kila mwenye shamba. Kosa la kuogopa ni udongo wa chini kurudishwa juu. Njia rahisi ya kuligundua ni mavuno. Pimeni mraba wa mita kumi kwa kumi ndani ya mkanda na mwingine nje yake, mbegu ileile na siku ileile ya kupanda, mpime mahindi kwa kilo, msimu baada ya msimu. Tazameni pia mahali mtaro ulipofukiwa baada ya masika. Udongo hutitia, na ufa mdogo unaotokea hapo ukigeuka mfereji utabeba shamba zima.

Narudi Turkana kwenye suala la nani anashika daftari, kwa sababu vipimo vyote hivi vinaweza kufanywa vizuri na bado vikapotea siku kampuni inapouzwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya ya 2016, kifungu cha 36, inataka makubaliano ya uwekezaji kwenye ardhi ya jamii yawe na masharti ya tathmini ya mazingira, ufuatiliaji wa kuendelea, na kurejesha ardhi mradi unapokamilika au kutelekezwa. Katiba, ibara ya 35, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinampa mwananchi haki ya kuomba taarifa. NEMA nayo inaweza kutoa amri ya kurejesha mazingira. Lakini amri ya kurejesha hali ya zamani inahitaji mtu wa kuonyesha hali hiyo ilikuwaje. Mtu huyo asipokuwa na namba, upande wa pili utakuwa na wakili.

Kanada ilijifunza hili kwa njia ngumu. Kampuni ya Redwater Energy ya Alberta ilipofilisika, waliosimamia mali yake walitaka kubaki na visima vyenye faida na kuviacha vingine bila mwenyewe. Januari 2019 Mahakama ya Juu ya nchi iliamua kwamba wajibu wa kuziba visima na kusafisha ardhi utimizwe kabla wadai hawajagawana mali. Uamuzi huo uliwezekana kutekelezwa kwa sababu mdhibiti wa Alberta alikuwa na orodha: kila kisima, mahali kilipo, na leseni ya nani.

Kamati ya ardhi inayokaa na mwekezaji, awe mpya au wa zamani, iingize basi masharti haya kwenye mkataba kwa maneno ya wazi. Data zote za ardhi, maji na uoto zitolewe kwa jamii zikiwa ghafi, kwa faili zinazoweza kufunguliwa na programu yoyote, kila mwaka, na sio ripoti yenye picha za rangi peke yake. Kampuni ikiuza hisa, hati ya makabidhiano iorodheshe kila namba ya kiwanja, hali yake siku hiyo, na wajibu uliobaki, na mnunuzi aisaini mbele ya wanakijiji. Dhamana ya fedha iachiliwe kipande kwa kipande, kwa kulinganishwa na kiwanja jirani, kwa vipimo vya walau misimu kadhaa ya mvua na ukame mmoja. Wapimaji wawili kutoka kijijini walipwe kutoka kwenye mfuko huohuo, kwa jina na kwa siku. Na kwenye ukurasa wa mwisho wa kila daftari iandikwe tarehe ya kipimo kinachofuata na nani atakishughulikia, ili mwezi huo ukifika kijiji kijue wa kumuuliza.